Intaneti ya Nyumbani Ikikatika: Tafuta Kwanza Mahali Tatizo Lilipo

Shughuli nyingi za serikali ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kupanga foleni sasa hufanywa kwenye kompyuta, akiwa nyumbani au dukani. Kibali cha biashara, ada za ardhi, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na ripoti ya kodi huombwa au hulipiwa mtandaoni. Ndiyo maana ruta, kile kisanduku chenye taa kilichowekwa juu ya kabati sebuleni, imekuwa muhimu nyumbani kama mita ya umeme. Ikikwama, kazi zote hizo husimama.

Hasara yake huonekana mfukoni. Ripoti ya kodi ya mapato ya mtu binafsi hutakiwa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, kufikia Juni 30 kila mwaka. Anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta usiku wa Juni 29, huku skrini ikimwambia kwamba ameunganishwa na Wi-Fi lakini hakuna intaneti, ana haki ya kuhangaika. Katika hali hiyo wengi huipigia kampuni ya intaneti simu kwa hasira, huita fundi wa mtaani au hununua ruta nyingine. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo lililohitajika.

Mkazi akijua kutafuta kwanza mahali tatizo lilipo, atayatatua mengi mwenyewe kwa dakika chache bila kutoa shilingi. Yale asiyoyaweza, atajua amwendee nani na amweleze nini.

Safari ina vituo vitano

Kabla ukurasa wa eCitizen haujafunguka kwenye skrini, habari zake hupitia vituo vitano. Cha kwanza ni kompyuta yenyewe. Cha pili ni njia kati ya kompyuta na ruta, ambayo huwa Wi-Fi au waya. Cha tatu ni ruta. Cha nne ni kampuni inayouza intaneti pamoja na nyaya na minara yake, kuanzia nguzo iliyo nje ya nyumba hadi nyaya za chini ya bahari. Cha tano ni tovuti inayotafutwa. Kituo kimoja kikianguka, mtu aliye mbele ya kompyuta huona matokeo yale yale: ukurasa haufunguki.

Vituo vya mbali vimewahi kuanguka huku ruta za nyumbani zikiwa nzima kabisa. Mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la eCitizen lilishambuliwa na wadukuzi na watu wengi wakashindwa kupata huduma. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM, ambazo huingia nchini kupitia Mombasa, zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua kwa siku kadhaa nchini Kenya na katika nchi jirani. Aliyenunua ruta mpya siku hizo alipoteza pesa zake.

Kwa hivyo kanuni ni kukagua kituo kimoja baada ya kingine kwa utaratibu, na kutobadilisha chochote kabla ya kujua ni kipi chenye kasoro.

Swali la kwanza: je, vifaa vingine vinapata?

Kipimo cha haraka kuliko vyote ni simu ya mkononi. Simu iunganishwe na Wi-Fi ile ile, kisha ijaribu kufungua tovuti mbili au tatu zisizohusiana.

Hapa kuna mtego unaowakamata wengi. Simu nyingi, zikiona kwamba Wi-Fi haina intaneti, huhamia kwenye bando la laini ya simu bila kumwambia mwenyewe. Mtu huona WhatsApp inafanya kazi, akadhani Wi-Fi ni nzima na kompyuta ndiyo mbovu. Kabla ya kupima, data za simu zizimwe kabisa.

Matokeo huwa ya aina tatu. Simu ikipata intaneti na kompyuta isipate, kasoro iko kwenye kompyuta. Vyote viwili vikikosa, kasoro iko kwenye ruta au kwa kampuni. Na kama vyote viwili vinafungua tovuti nyingine isipokuwa ile moja inayotakiwa, tatizo liko kwenye tovuti hiyo. Katika hali hii ya mwisho, kilichobaki ni kusubiri na kujaribu tena, hasa asubuhi na mapema au usiku, wakati watumiaji ni wachache.

Taa za ruta zina habari

Ikiwa hakuna kifaa kinachopata, macho yaelekezwe kwenye ruta. Taa zake hutofautiana kulingana na kampuni iliyoitengeneza, lakini kuna chache zinazofanana.

Taa ya umeme isipowaka, tatizo huenda likawa soketi, swichi au adapta. Adapta ichomekwe kwenye soketi nyingine ambayo imethibitishwa, kwa mfano kwa kuchaji simu, kwamba ina stima.

Kwa wenye intaneti ya faiba, taa mbili ndizo za kuangaliwa zaidi. Ile iliyoandikwa PON inapaswa kuwaka bila kupepesa. Ile iliyoandikwa LOS inapaswa kuzimika. LOS ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga unaobeba intaneti haufiki kwenye kifaa. Mwenye nyumba akague tu kama kichwa cha waya mwembamba wa faiba kimechomoka, au kama waya umekunjwa, umebanwa na mguu wa kochi au umetafunwa na panya. Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo, na mkunjo mkali unatosha kuzuia mwanga. Ikiwa hakuna kasoro inayoonekana, hilo ni la kampuni. Waya huo usikatwe wala kuunganishwa na mtu asiye na vifaa vyake, na ncha yake isitazamwe kwa jicho, kwa sababu mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru.

Kwa wanaotumia ruta yenye laini ya simu, ya 4G au 5G, taa za kuangalia ni zile za nguvu ya mawimbi. Zikiwa chache, ruta isogezwe karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kwa waliofungiwa kidishi kwenye paa na kampuni za mtaani, kuna adapta ya pili inayopeleka umeme kwa kidishi kupitia waya wa mtandao. Adapta hiyo ikichomolewa na anayefagia, ruta itawaka vizuri lakini intaneti haitafika.

Kisha kuna jambo dogo linalosahaulika: malipo. Kifurushi kikiisha, ruta huendelea kuwaka na Wi-Fi huendelea kuonekana, lakini intaneti haipo. Wengine huwa wamelipa kwa M-Pesa ila wameandika nambari ya akaunti visivyo, na pesa zikaenda kwa mteja mwingine. Ujumbe wa malipo ulinganishwe na nambari ya akaunti iliyo kwenye mkataba kabla ya kupiga simu.

Kuzima na kuwasha si sawa na kufuta

Ushauri wa kuzima na kuwasha unaonekana kuwa wa mzaha, lakini una sababu. Ruta ni kompyuta ndogo. Inapokaa wiki kadhaa bila kuzimwa, kumbukumbu yake hujaa au mawasiliano yake na kampuni hukwama. Ikizimwa, huanza upya na kuomba muunganisho mpya.

Kuna utaratibu wake. Ruta izimwe kwa kuchomoa waya wa umeme. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni vifaa viwili tofauti, vyote vichomolewe. Isubiriwe dakika moja. Kisha kisanduku cha faiba kiwashwe kwanza, kipewe dakika mbili au tatu hadi taa zitulie, halafu ruta iwashwe na kupewa muda kama huo. Kompyuta iwashwe upya mwisho. Anayewasha vyote kwa pamoja na kuanza kubofya baada ya sekunde kumi hajaipa ruta nafasi ya kumaliza kazi.

Jambo jingine kabisa ni kile kitundu kidogo nyuma ya ruta kilichoandikwa Reset, kinachobonyezwa kwa pini. Kitundu hicho hakiwashi upya tu. Hufuta mipangilio yote na kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Jina la Wi-Fi na nywila hupotea. Kwa wateja wa kampuni kadhaa, pia hupotea jina na nywila ambazo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni, na mteja mara nyingi hazijui. Tatizo la dakika tano hugeuka la siku mbili, akisubiri fundi aje kuipanga upya. Haraka haraka haina baraka. Kitundu hicho kibonyezwe tu wakati huduma kwa wateja wameelekeza hivyo.

Ikiwa kasoro iko kwenye kompyuta

Simu ikipata intaneti kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na kompyuta isipate, kuna mambo ya kukagua kuanzia jepesi hadi zito.

La kwanza ni swichi. Laptopu nyingi zina kitufe chenye alama ya ndege au ya antena kinachozima Wi-Fi, na mtoto anaweza kukibonyeza bila kujua.

La pili ni jina la Wi-Fi. Kompyuta inaweza kuwa imejiunga na hotspoti ya simu isiyo na bando, au na mtandao wa jirani. Kama nywila ya Wi-Fi ilibadilishwa karibuni, kompyuta iagizwe kuusahau mtandao huo, kisha iunganishwe upya kwa nywila mpya.

La tatu ni tarehe na saa. Hili huwashangaza wengi. Tovuti za serikali na za benki hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta nzee ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita kila inapokosa umeme. Kwa kuwa inaamini bado ni mwaka huo wa zamani, huvikataa vyeti vya leo na kuonya kwamba tovuti si salama. Kurekebisha tarehe hutatua tatizo papo hapo, na betri hiyo ya ndani inaweza kubadilishwa.

La nne ni programu za VPN na za kuzuia virusi. Zizimwe kwa muda wa kupima tu, kisha ziwashwe tena.

Kama bado hakuna mafanikio, kompyuta yenye Windows ina kidirisha cha kuandika amri. Hufunguliwa kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Humo huandikwa neno ipconfig na kubonyezwa Enter. Kompyuta hujibu kwa mistari kadhaa, na miwili ndiyo muhimu. Wa kwanza ni anwani ya kompyuta, ulioandikwa IPv4 Address. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kutoka kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yake. Kuandika ipconfig /release kisha ipconfig /renew huilazimisha kuomba tena. Mstari wa pili, ulioandikwa Default Gateway, huonyesha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1.

Kwa anwani hiyo, vituo vinaweza kupimwa kimoja kimoja kwa amri ya ping:

1. Kuandika ping na anwani ya ruta. Majibu yenye neno Reply yakirudi, njia kati ya kompyuta na ruta ni nzima. Yasiporudi, tatizo ni Wi-Fi au waya wa ndani.

2. Kuandika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mtambo wa Google. Jibu likirudi, intaneti inaingia nyumbani. Ikiwa ruta ilijibu lakini huu haujibu, tatizo liko kati ya ruta na kampuni.

3. Kuandika ping na jina la tovuti, kwa mfano ping google.com. Ikiwa nambari ilijibu lakini jina halitambuliki, kilichokwama ni DNS.

DNS ni huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari, kama vile simu inavyotafuta nambari ya mtu mtumiaji anapobonyeza jina lake. Ikikwama, intaneti ipo lakini kompyuta haijui pa kwenda. Amri ya ipconfig /flushdns hufuta majina ya zamani yaliyohifadhiwa. Ikishindikana, kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, anwani ya DNS inaweza kuandikwa kuwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ambazo hutumiwa bila malipo.

Hatua ya mwisho kwenye Windows 10 na 11 ni ile iitwayo Network reset, inayopatikana kwenye mipangilio ya mtandao. Hufuta mitandao yote iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hivyo nywila ya Wi-Fi iwe imeandikwa mahali kwanza.

Intaneti ipo lakini inajikokota

Malalamiko mengine si ya kukatika bali ya kasi ndogo. Kabla ya kuilaumu kampuni, kompyuta iunganishwe na ruta moja kwa moja kwa waya wa mtandao na kasi ipimwe. Ikiwa kwa waya kasi ni ile iliyolipiwa, kampuni imetimiza ahadi na Wi-Fi ndiyo inayopotea njiani.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, nayo hudhoofishwa na vitu vya kawaida nyumbani. Kuta nene za mawe, zege yenye nondo, mabati, tangi la maji na kioo kikubwa vyote huzuia mawimbi. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la televisheni au kuwekwa sakafuni inapoteza nguvu kabla haijaanza. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, juu, peupe.

Ruta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili. Wa 2.4 GHz hufika mbali na kupenya kuta zaidi, lakini ni wa polepole na huingiliwa na tanuri ya mikrowevu. Wa 5 GHz ni wa kasi lakini hufika karibu. Kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta itumie 5 GHz, na iliyo chumba cha mbali itumie 2.4 GHz. Katika majengo ya fleti ambako kila mlango una ruta, mitandao ya 2.4 GHz hugongana. Kwenye mipangilio ya ruta kunaweza kuchaguliwa chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na kuona ipi ina msongamano mdogo.

Umeme, radi na adapta

Kukatika na kurudi ghafla kwa umeme huharibu ruta nyingi. Kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaoruka husaidia. Betri ndogo za ruta zinazouzwa madukani huiwezesha kuendelea kuwaka stima ikipotea, mradi mitambo ya kampuni iliyo njiani nayo iwe na umeme. Kabla radi haijaanza kupiga, ruta ichomolewe kwenye soketi pamoja na waya wowote wa shaba unaotoka nje, ukiwemo ule wa kidishi.

Adapta ikiharibika, isibadilishwe na yoyote iliyo karibu kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Volti zilizoandikwa kwenye adapta mpya zilingane kabisa na zile za ruta, na ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya king'amuzi cha televisheni yenye volti tofauti inaweza kuiunguza ruta mara moja.

Wasiokuwa mafundi

Mtu mwenye dharura ni rahisi kudanganywa. Wapo wanaopiga simu wakijidai kuwa wa kampuni ya intaneti, wakimtaka mteja aweke programu ya kuwaruhusu kuidhibiti kompyuta yake wakiwa mbali. Wakishaingia, hutafuta akaunti za benki na barua pepe. Fundi wa kweli hahitaji PIN ya M-Pesa, nywila ya eCitizen wala nambari ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Anayeviomba akatiwe simu. Anayefika mlangoni aonyeshe kitambulisho cha kazi, na kampuni ipigiwe kupitia nambari rasmi kuthibitisha kwamba imemtuma.

Ruta nayo ilindwe. Nywila ya kuingia kwenye mipangilio yake, ambayo mara nyingi huwa neno admin, ibadilishwe. Mdukuzi akiingia humo anaweza kubadilisha anwani ya DNS, ili anayeandika jina la benki yake apelekwe kwenye tovuti bandia inayofanana nayo. Wi-Fi ilindwe kwa WPA2 au WPA3, na nywila yake ibadilishwe kila anapohama mpangaji au mfanyakazi aliyekuwa nayo.

Kulalamika kwa ushahidi

Ukaguzi ukionyesha kwamba tatizo ni la kampuni, mteja aieleze kwa ushahidi. Simu inayosema kwamba taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi na waya wa ndani hauna kasoro hufupisha kazi ya anayeipokea. Taa zipigwe picha, saa iandikwe, na nambari ya malalamiko iombwe na kuhifadhiwa.

Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano humpa mteja haki ya kulalamika na kujibiwa. Malalamiko huanzia kwa kampuni. Yasiposhughulikiwa, mteja anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya akiwa na ile nambari ya malalamiko, tarehe na nakala za mawasiliano.

Waya wa faiba ukionekana umekatika barabarani au unaning'inia kwenye nguzo, usiguswe. Nguzo nyingi hubeba nyaya za umeme pia, na waya unaoonekana kuwa wa intaneti unaweza kuwa umegusana na wenye umeme. Watoto wazuiwe kukaribia, na kampuni ya umeme na ya intaneti ziarifiwe.

Siku ya mwisho ikiwa karibu

Tarehe ya mwisho haimsubiri fundi. Anayetakiwa kuwasilisha fomu leo anaweza kutumia hotspoti ya simu, kwa kuwa fomu nyingi za serikali hazitumii data nyingi kama video. Kabla ya kuiunganisha kompyuta, masasisho ya programu yasimamishwe yasije yakamaliza bando. Vituo vya Huduma Centre pia husaidia katika huduma nyingi, zikiwemo za KRA.

Anayekwenda saiba ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka, asikubali kivinjari kihifadhi nywila, na afute nakala za kitambulisho na vyeti alivyopakua. Popote anapofanyia kazi hiyo, ahifadhi risiti au nambari ya uthibitisho. Ukurasa uliokwama katikati ya malipo usirudiwe kabla ya kukagua ujumbe wa M-Pesa, la sivyo mtu anaweza kulipa mara mbili.

Kwa ufupi

- Zima data za simu, kisha pima Wi-Fi kwa simu hiyo.
- Jaribu tovuti zaidi ya moja.
- Kagua malipo na nambari ya akaunti.
- Soma taa za ruta, hasa LOS na PON.
- Zima, subiri dakika moja, washa kwa utaratibu. Usibonyeze kitundu cha Reset.
- Kwenye kompyuta, kagua swichi ya Wi-Fi, jina la mtandao, tarehe na VPN.
- Tumia ping kwa hatua tatu: ruta, 8.8.8.8, jina la tovuti.
- Piga simu kwa kampuni ukiwa na majibu ya hatua hizi, na uombe nambari ya malalamiko.
- Usimpe mtu yeyote PIN wala nywila.

Ukurasa huu unaweza kukatwa na kubandikwa karibu na ruta, pamoja na nambari ya akaunti na nambari rasmi ya huduma kwa wateja. Intaneti ikipotea, haitawezekana kuvitafuta mtandaoni.